Waliolipia Majumba ya Baharini

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kila siku macho yangu hupita juu ya makontena yaliyopangwa kama matofali katika bandari ya Kilindini bila kuyatazama hasa. Yale ya rangi ya chungwa yameandikwa Hapag-Lloyd, na yale ya samawati iliyokolea yameandikwa CMA CGM. Kwangu mimi hayo yalikuwa majina ya hati za shehena, ya ada za kuchelewesha kontena, na ya simu za wateja wanaotaka kujua mzigo wao umefika wapi. Ni pale nilipoanza kusoma historia ya meli kubwa za abiria zilizokuwa zikivuka Atlantiki ndipo nilipotambua kwamba kampuni hizi za makontena ni wajukuu wa kampuni zilizoendesha majumba ya kifahari zaidi yaliyowahi kuelea. Hapag ni kifupi cha jina refu la Kijerumani, Hamburg-Amerikanische Packetfahrt-Actien-Gesellschaft, kampuni iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1847. Lloyd ni Norddeutscher Lloyd ya Bremen, iliyoanza mwaka 1857. Na ndani ya zile herufi CGM umo urithi wa Compagnie Générale Transatlantique ya Ufaransa, wenyewe wa meli ya Normandie.

Watu wanaposimulia habari za meli hizo, kwa kawaida huanza na ngazi za mbao zilizonakshiwa, vyombo vya fedha mezani na wanawake waliovaa lulu. Mimi naona kuwa hapo hadithi inaanzwa kutoka kileleni. Mtu aliyelelewa na kazi ya bandari huuliza kwanza gharama zililipwa na nani, na kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba matajiri wa daraja la kwanza hawakuwa mhimili wa biashara ile. Meli zile zilibebwa na barua, kisha zikabebwa na wahamiaji maskini, na kila mara viwili hivyo vilipopungua ilibidi serikali zifungue hazina zao.

Tuanze na barua. Kabla ya mwaka 1818, meli ya kwenda Marekani iliondoka siku ambayo nahodha aliona shehena imetosha na upepo ni mzuri, jambo ambalo mtu yeyote wa pwani aliyewahi kungoja jahazi lijae analielewa bila kuelezwa. Tarehe 5 Januari 1818 meli ya matanga iitwayo James Monroe, ya kampuni ya Black Ball, iling'oa nanga New York kuelekea Liverpool huku theluji ikianguka na sehemu ya ngama zake ikiwa tupu, kwa sababu moja tu: ilikuwa imetangazwa kuwa itaondoka siku hiyo. Kwetu sisi wa leo hilo ni jambo dogo, lakini nadhani ndilo tendo lililozaa biashara nzima iliyofuata, kwa kuwa mfanyabiashara aliweza kwa mara ya kwanza kupanga mambo yake kwa kalenda.

Injini ya mvuke ilipokuja, ahadi ya tarehe ya kuondoka ikawa ahadi ya tarehe ya kufika. Mwezi wa Aprili 1838 meli mbili, Sirius na Great Western, zilifika New York zikipishana kwa saa chache, na ile ya pili ilikuwa kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Aliyevuna, hata hivyo, hakuwa mhandisi. Alikuwa mfanyabiashara wa Halifax, Nova Scotia, Samuel Cunard, ambaye mwaka 1839 alipata mkataba wa serikali ya Uingereza wa kubeba barua kwa malipo ya kila mwaka, na kwa mkataba huo akajenga meli nne. Ya kwanza, Britannia, iliondoka Liverpool tarehe 4 Julai 1840. Ilikuwa na tani kama 1,150 tu, ikiwa na nafasi ya abiria wapatao 115, na juu ya sitaha alifungwa ng'ombe wa kutoa maziwa. Mwandishi Charles Dickens alisafiri nayo Januari 1842 katikati ya dhoruba, akakuta chumba chake kidogo mno kuliko alivyoonyeshwa katika picha za matangazo, na wakati wa kurudi aliamua kupanda meli ya matanga.

Cunard hakuwa mtu wa mapambo. Aliwaagiza manahodha wake watangulize usalama mbele ya mwendo, na ubahili wake huo, kama ndio ubahili, uliiokoa kampuni. Mshindani wake Mmarekani, Edward Knight Collins, alipewa na Bunge la Marekani dola 385,000 kwa mwaka, baadaye zikaongezwa hadi 858,000, akajenga meli nne zenye mazulia, mvuke wa kupasha vyumba joto na mwendo mkali zaidi ya wa Waingereza. Tarehe 27 Septemba 1854 meli yake Arctic, ikienda kasi ndani ya ukungu karibu na Newfoundland, iligongana na meli ya Kifaransa iitwayo Vesta. Mabaharia wengi waliparamia mashua. Katika watu wapatao 400 hakuokoka mwanamke hata mmoja wala mtoto hata mmoja, na miongoni mwa waliozama walikuwamo mke wa Collins mwenyewe na watoto wao wawili. Mwaka 1856 meli yake nyingine, Pacific, ilipotea baharini na watu wote. Bunge likapunguza ruzuku, na kufikia mwaka 1858 kampuni haikuwapo tena. Hapo ndipo ninapoona wazi uzito wa barua, kwa maana kampuni ilipoondolewa fedha za barua, uzuri wa vyumba vyake haukuweza kuishikilia hata miaka miwili.

Sasa wahamiaji. Wakati wa njaa ya Ireland, miaka ya 1840, maskini walivuka kwa meli za matanga, safari ya wiki tano, sita au zaidi, wakiwa wamelundikwa chini ya sitaha katika vitanda vya mbao vilivyobomolewa meli ilipofika, ili nafasi ile ipakiwe nafaka au pamba wakati wa kurudi. Homa ya chawa iliua maelfu mwaka 1847. Kampuni za mvuke kwanza ziliwadharau watu hawa, kwa kuwa ziliamini kwamba makaa ya mawe ni ghali mno kuchomwa kwa ajili ya nauli ndogo. William Inman wa Liverpool, kuanzia mwaka 1850, ndiye aliyeonyesha kwamba hesabu hiyo imekosewa. Meli yake ya chuma, City of Glasgow, iliendeshwa na rafadha badala ya magurudumu ya pembeni, ikatumia makaa kidogo na kuacha nafasi kubwa. Nauli ya mtu mmoja ilikuwa ndogo, lakini mamia ya watu kwa safari moja walifanya kiasi kikubwa, nami kama mtu wa mizigo sina budi kusema jambo ambalo naona wasimulizi wengi hulipita: mtu ni shehena inayopanda na kushuka yenyewe, haihitaji winchi wala wapagazi, na hulipa kabla ya kupakiwa.

Aliyelielewa hilo kuliko wote alikuwa Albert Ballin. Alizaliwa Hamburg mwaka 1857 katika familia ya Kiyahudi isiyokuwa na mali, mtoto wa kumi na tatu, na baba yake alikuwa na ofisi ndogo ya wakala wa wahamiaji karibu na gati. Baba alipofariki mwaka 1874, kijana huyo wa miaka kumi na saba aliingia kwenye biashara hiyo ya kuuza tiketi za kwenda Marekani kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1881 alikubaliana na mwenye meli za mizigo kubeba wahamiaji ndani ya meli ambazo hazikuwa na daraja la kwanza kabisa, jambo lililomaanisha kwamba sitaha yote ilikuwa yao na waliweza kutembea juani mahali ambapo katika meli nyingine wangefukuzwa. Bei ilikuwa ya chini, na ushindani wake uliiumiza Hapag kiasi kwamba mwaka 1886 kampuni hiyo ilimwajiri kuongoza idara ya abiria. Mwaka 1899 akawa mkurugenzi mkuu, na chini yake Hapag ikawa kampuni kubwa kuliko zote za meli duniani.

Huko nyuma mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 mjini Hamburg, na lawama ziliwaangukia wahamiaji waliotoka Urusi, wengi wao Wayahudi waliokuwa wakikimbia mateso. Mwaka mmoja kabla yake, sheria ya Marekani ilikuwa imeagiza kwamba kila mhamiaji atakayekataliwa bandarini arudishwe kwa gharama ya kampuni iliyomleta. Tangu hapo kampuni za meli zikawa, kwa maslahi yao wenyewe, walinzi wa mpaka wa Marekani walio ndani ya Ulaya. Zilijenga vituo kwenye mpaka wa Prussia na Urusi ambako watu walioshwa, nguo zao zikapitishwa kwenye mvuke, na macho yao yakapinduliwa kutafutwa ugonjwa wa trakoma. Mwaka 1901 Ballin alifungua kijiji kizima cha wahamiaji katika kisiwa cha Veddel, Hamburg, chenye mabweni, kumbi za kulia, kanisa, sinagogi na jiko la chakula kilichofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, na baada ya kupanuliwa kiliweza kulaza watu wapatao 5,000. Kilijengwa ili kulinda faida, hilo silifichi. Hata hivyo, nikilinganisha na vitanda vya mbao vya miaka ya 1840, siwezi kumnyima mtu yule heshima yake.

Mwaka 1907 Marekani ilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 1.2. Walipowasili New York, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa humo humo melini na kushuka gatini, ilhali wale wa daraja la chini walipakiwa kwenye tishali na kupelekwa kituo cha ukaguzi wa wahamiaji cha Ellis Island, wakiwa wamebandikwa vipande vya karatasi vifuani vyenye namba ya mstari wao katika orodha ya abiria.

Ni fedha za watu hawa, pamoja na za serikali, zilizojenga ule ukubwa unaosifiwa. Mwaka 1897 Norddeutscher Lloyd ilizindua Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya kwanza yenye dohani nne, ambayo iliwanyang'anya Waingereza rekodi ya mwendo. Mwaka 1902 tajiri wa Marekani, J. P. Morgan, alinunua kampuni kadhaa na kuziunganisha, ikiwamo White Star ya Uingereza, na serikali ya London ikaingiwa na hofu kwamba Cunard nayo ingemezwa. Ikaikopesha Cunard pauni milioni 2.6 kwa riba ndogo na kuahidi pauni 150,000 kila mwaka, kwa sharti kwamba ibaki mikononi mwa Waingereza na meli ziweze kutumika vitani. Matokeo yake ni Lusitania na Mauretania za mwaka 1907, zilizosukumwa na tabaini za mvuke za Charles Parsons. Mauretania ilishika rekodi hadi mwaka 1929, miaka ishirini na zaidi, na sijui meli nyingine iliyopendwa hivyo na mabaharia wake.

Chini kabisa, mahali ambapo abiria hawakufika, Mauretania ilikuwa na tanuri 192 zilizokula takriban tani 1,000 za makaa kwa siku moja. Kila kipande kilisombwa kwa toroli kutoka ghalani na kutupwa ndani kwa koleo na wanaume waliofanya kazi kwa zamu za saa nne, kisha wakapumzika saa nane na kurudi tena. Waliotoka Liverpool walikuwa wengi wao Waairishi. Katika Bahari yetu ya Hindi kazi kama hiyo ilifanywa, pamoja na wengine, na wanaume wa Zanzibar na pwani yake, ambao Waingereza waliwaita kwa jumla "Seedies", na kwa hiyo joto la tanuri zile si habari ya watu wa mbali tu.

Kuhusu Titanic nitasema machache, kwa kuwa yote yameshasemwa. Herufi RMS zilizotangulia jina lake zilimaanisha kwamba ni meli ya barua za kifalme, na ndani yake mlikuwa na magunia zaidi ya 3,000 pamoja na makarani watano wa posta, watatu Wamarekani na wawili Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, chumba cha barua kilipoanza kujaa maji, makarani hao walionekana wakiyavuta magunia kuyapandisha sitaha za juu. Wote watano walikufa. Katika abiria wa daraja la kwanza waliokoka takriban sita kati ya kila kumi, na katika daraja la tatu takriban mmoja kati ya kila wanne. Waliokuwa wameilipia meli ile ndio waliozama nayo.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliizamisha Lusitania, tarehe 7 Mei 1915, na watu karibu 1,200. Ballin hakuiona tena amani aliyoipigania. Alikunywa dawa na kufariki tarehe 9 Novemba 1918, siku ile ile ufalme wa Ujerumani ulipoanguka. Meli zake tatu kubwa, Imperator, Vaterland na Bismarck, zikagawiwa washindi na kubadilishwa majina.

Lakini pigo lililobadilisha biashara yenyewe lilitoka Washington, wala halikuwa na mizinga. Sheria za mwaka 1921 na 1924 ziliweka kikomo cha wahamiaji kwa kila taifa, na mlango uliokuwa wazi kwa karne nzima ukabaki mwanya. Kampuni zikajikuta na mabweni matupu. Zikayapaka rangi, zikaweka vyumba vidogo na meza zenye vitambaa, na kuyaita daraja la watalii, wakauziwa walimu na wanafunzi wa Marekani waliotaka kuiona Ulaya wakati wa likizo. Haikutosha. Kuanzia hapo meli kubwa zilikuwa, kwa ukweli, miradi ya fahari ya mataifa.

Normandie ya mwaka 1935 ndiyo mfano wangu. Ilikuwa na tani zaidi ya 79,000, mwili uliobuniwa na Vladimir Yourkevitch, Mrusi aliyekimbilia Ufaransa, na ukumbi wa kulia usio na dirisha hata moja, ulioangazwa na taa za vioo za Lalique. Wengi huiita meli nzuri kuliko zote, nami sibishi. Lakini ilijengwa kwa fedha za serikali ya Ufaransa, na mara nyingi ilivuka ikiwa nusu tupu. Kule Clydebank, Scotland, meli namba 534 ilisimamishwa kujengwa Desemba 1931 kwa sababu Cunard haikuwa na fedha. Ikakaa zaidi ya miaka miwili ikiota kutu, na mji mzima ukakosa kazi. Serikali ilikubali kukopesha pauni milioni 9.5 kwa ajili yake, kwa ajili ya meli mwenzake na kwa mtaji wa uendeshaji, kwa sharti kwamba Cunard na White Star ziungane. Kazi ilianza tena Aprili 1934, na miaka miwili baadaye Queen Mary ilifunga safari yake ya kwanza.

Katika Vita vya Pili ilionekana kwamba fedha zile za umma hazikupotea. Julai 1943 Queen Mary ilivuka na watu 16,683, idadi ambayo hakuna meli iliyowahi kuifikia kabla yake. Normandie haikupata bahati hiyo. Tarehe 9 Februari 1942, ikigeuzwa kuwa meli ya askari gatini New York, cheche za mchomea vyuma ziliwasha rundo la maboya ya kuokolea maisha, na maji mengi yaliyomwagwa kuzima moto yakailemea hadi ikalala ubavu.

Mwaka 1952 meli iitwayo United States ilivuka kwa siku tatu, saa kumi na dakika arobaini, kwa mwendo wa zaidi ya maili za bahari 35 kwa saa, na rekodi hiyo ingekuwa habari kubwa kama Oktoba 1958 ndege za jeti zisingeanza kuvuka kwa saa zisizozidi nusu siku. Barua nazo zikaenda angani. Queen Mary ilistaafu mwaka 1967, United States mwaka 1969, na mwaka 1970 Hapag na Lloyd, washindani wa zaidi ya karne, zikaungana na kuegemea makontena. Anayetaka kukanyaga sitaha ya mrithi mmoja wa meli hizo za abiria bila kufika Ulaya anaweza kwenda Dubai, ambako Queen Elizabeth 2 iliwasili mwaka 2008 na tangu 2018 ni hoteli. Niliitembelea nilipokwenda huko kikazi, nikaonyeshwa kumbi na baa zake. Ni nzuri.

Ninachotamani kukiona zaidi, hata hivyo, kiko Hamburg, katika hifadhi ya nyaraka ya mji. Ni orodha za abiria walioondoka bandari ile kati ya mwaka 1850 na 1934, zilizoandikwa na makarani wenzangu wa zamani: jina, umri, kazi, kijiji alikotoka, bandari anakokwenda, safu baada ya safu, za watu wapatao milioni tano. Za Bremen, ambako Norddeutscher Lloyd ilipakia mamilioni mengine, sehemu kubwa hazipo. Zile za kuanzia mwaka 1875 hadi 1908 ziliharibiwa kwa makusudi, kwa sababu ofisi ilikosa mahali pa kuziweka.